Beki Asimame Wapi

Jumapili, 6 Septemba 1981

Bula 1, Machinjioni 1. Nimerudi nyumbani na vumbi mpaka ndani ya masikio. Firimbi nimepuliza mpaka midomo imekauka. Makosa ya kuziba njia, manane. Sita ni ya mtu mmoja, Dida, beki wa Bula.

Kila wiki ni yale yale. Mshambuliaji anakimbilia mpira, Dida anasimama mbele yake. Hamsukumi. Hamshiki. Anampa mgongo tu, mikono ameitanua kidogo, kama mtu anayezuia ng'ombe wasiingie kisimani kabla ya zamu yao. Mpira wenyewe hata haugusi. Anangoja utoke nje au ufike kwa kipa. Kitabu cha sheria kinasema beki akiwa mbali na mpira haruhusiwi kuweka mwili wake kati ya mpira na mwenzake. Ni kosa. Unapuliza, unanyoosha mkono juu, wapinzani wanapiga mpira ambao hauhesabiwi bao mpaka mtu wa pili auguse. Sheria hiyo sikuitunga mimi.

Watu wa Bula wamenirushia vijiti vya miraa. Kimoja kimeingia ndani ya kola. Mmoja amepiga kelele nirudi Ngaremara nikachunge mbuzi. Nilichunga, ndiyo. Sina aibu.

Kinachonichoma si hilo. Jumapili iliyopita refa alikuwa Guyo. Dida alifanya vile vile, mara kumi na zaidi, na Guyo hakupuliza hata mara moja. Marefa wa ligi hii ni sisi wawili. Wachezaji wale wale, kiwanja kile kile, sheria mbili. Nimechoka.

Jumatatu, 7 Septemba

Kazini, chanjo karantini, kituo cha kuzuilia ng'ombe kabla ya safari. Tangu saa moja asubuhi mpaka saa nane. Ng'ombe wanaingia krashi, kile kijia chembamba cha mbao, mmoja mmoja. Sindano, alama sikioni, toka. Hakuna anayebishana. Ningependa mpira uwe hivyo.

Wabishi ni watu. Madereva, wapakiaji, hata daktari wa mifugo, wote leo wamekuwa marefa. Dida naye yuko pale pale, ni mpakiaji, anapandisha ng'ombe kwenye malori. Ananisalimia kila asubuhi. "Habari ya asubuhi, mzee." Halafu basi. Afadhali angenitukana.

Mwaka jana kwenye nusu fainali nilimpa kadi mbili za njano kwa kuziba njia, nikamtoa nje. Akaikosa fainali. Na kwenye fainali hiyo ndipo alipokuja kocha wa timu kubwa ya Nairobi kutafuta wachezaji. Alimchukua mshambuliaji wa Machinjioni. Huyo leo ana kazi ya kampuni huko, na anacheza mbele ya watu elfu nyingi. Watu wa Bula wanasema nilimfungia Dida mlango. Mimi nawaambia kitabu ndicho kilichomfungia.

Alhamisi, 10 Septemba

Barua kutoka kwa Mzee Kithinji, mwenyekiti wa ligi. Imepigwa taipu na kugongwa muhuri. Timu zote zimelalamika. Mimi na Guyo tumepewa mpaka tarehe 26 tukubaliane kuhusu kuziba njia. Tukishindwa, fainali ya tarehe 4 Oktoba italetewa refa kutoka Meru, na sisi wawili tuweke firimbi chini.

Fainali ni yangu. Waliniahidi mwezi wa kwanza mbele ya watu. Miaka tisa napuliza firimbi katika mji huu, na fainali zote amepewa Guyo, eti yeye anaacha mpira uende. Mimi nashika kibendera. Mke wangu, Mama Akiru, ameshanishonea kaptula nyeusi mpya. Naitaka fainali hii. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu bila kuonekana mtoto.

Tena nikubaliane na nani kuhusu nini? Mwenye makosa ni Guyo. Aanze yeye kupuliza.

Jumapili, 13 Septemba

Guyo refa, mimi kibendera. Machinjioni 2, timu ya posta 0. Nimehesabu kuziba njia mara kumi na moja. Mabeki wote sasa wamejifunza kwa Dida. Kila mara nimeinua kibendera. Guyo ananiangalia, anageuka, anakimbia zake.

Kufikia mara ya saba watu wakawa wanacheka kabla hata sijainua. Nikakiacha juu kwa ukaidi. Mama muuza chai akaniuliza kama nasimamisha lori la Moyale. Kiwanja kizima kikacheka. Hata kipa.

Mechi ilipokwisha Guyo akaja, bado anatabasamu. "Baba Akiru, hiyo kibendera pumzisha sasa. Mkono itavunjika." Mbele ya watu.

Sikumpa mkono. Guyo huyo huyo niliyesomea urefa naye, tukalala chumba kimoja wiki nzima Nanyuki. Idd ananiletea nyama, Krismasi nampelekea. Leo nimempita kama simjui. Chai ya jioni imenishinda. Nina hasira, na sioni kwa nini nisiwe nayo.

Jumatano, 16 Septemba

Guyo amepita na lori la idara ya barabara analoendesha. Amepiga honi. Nimeangalia milima.

Mama Akiru ameona. Amesema nyani haoni kundule. Nimemuuliza nyani ni nani. Amesema nimalize ugali kwanza.

Jumapili, 20 Septemba

Nusu fainali. Bula 2, Ngaremara 1. Siku mbaya kuliko zote za mwaka huu.

Bao la Ngaremara limetoka kwenye firimbi yangu. Dakika ya sabini, mpira unaviringika ndani ya boksi la Bula, Dida anauacha uende kwa kipa, mgongo kwa mshambuliaji. Nikapuliza. Mkono juu. Bula wote wakajipanga kwenye mstari wa goli. Ngaremara wakagusa mara moja, wa pili akapiga, bao. Nikampa Dida kadi ya njano. Kadi hiyo anaingia nayo fainali. Akipata nyingine, nje tena.

Sasa nimekuwa refa wa kabila. Mturkana amewapa Waturkana wenzake bao. Nimeambiwa hivyo usoni na watu ambao nimewachanjia ng'ombe wao miaka kumi. Na Bula wameshinda! Wangeshindwa sijui ningetoka vipi pale.

Lakini si hilo linalonikaa. Nilikuwa navua viatu nyuma ya gari. Dida akaja peke yake. Nikajiandaa kwa matusi. Akachuchumaa. Akasema, "Mzee, mimi sitaki kubishana. Refa Guyo akipuliza, mimi ni beki. Wewe ukipuliza, mimi ni mwizi. Niambie tu mahali ya kusimama. Nikijua, nitasimama hapo."

Nikatoa kitabu mfukoni nikamsomea sheria. Kwa Kiingereza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akaenda. Kiingereza hajui.

Nimejiona mjinga. Sijui kwa nini nilifanya vile. Najua: sikuwa na jibu jingine tayari.

Jumanne, 22 Septemba

Nimesoma kitabu tena, mstari kwa mstari. Kinasema mchezaji anaweza kuukinga mpira kwa mwili kama mpira uko katika umbali wa kuucheza. Akiwa nje ya umbali huo, anaziba. Umbali gani? Hakisemi. Hakuna futi, hakuna hatua.

Lakini mimi naujua. Tulifundishwa. Nanyuki, mwaka wa 1972. Mwalimu wetu alikuwa askari mstaafu, mtu wa mjini, mrefu na mkali. Siku ya tatu mtu mmoja akamuuliza swali hili hili. Akafikiri kidogo. Akauliza nani hapa amewahi kuchunga mifugo. Wote tukainua mikono. Akasema, "Basi. Kila mtu aikumbuke fimbo yake ya kuchungia. Mpira ukiwa ndani ya urefu wa fimbo hiyo, ana haki ya kuukinga. Ukiwa nje ya fimbo, anaziba njia. Puliza." Tuliandika. Bado ninayo ile karatasi.

Miaka tisa nimeitumia fimbo hiyo. Sijawahi kuizidisha wala kuipunguza. Kila kosa nililopuliza nililipima kwa macho hivyo. Sasa nitakwenda kwa Guyo na karatasi mkononi nimuonyeshe mahali alipopotea. Tarehe 26 tutakuwa tumekubaliana, na mimi ndiye nitakayekuwa sawa. Moyo umetulia kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Alhamisi, 24 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Nimekwenda kwa Guyo baada ya kazi. Nimebisha hodi, salaam aleikum, akaitikia kama hakuna kilichotokea. Mkewe akaleta chai ya maziwa ya ngamia. Nikamwekea karatasi mbele. Nikamsomea habari ya fimbo. Nilikuwa nimejiandaa abishe.

Hakubisha. "Hata mimi ni hiyo fimbo," akasema. "Kwani wewe ulifikiri mimi napuliza na nini? Walai, sijawahi kuacha hiyo mambo ya fimbo hata siku moja."

Nikamwambia haiwezekani. Akasema inawezekana sana. Tukapandisha sauti. Ndipo akainuka, akaenda nyuma ya mlango, akarudi na fimbo ya marehemu baba yake, ile aliyochungia huko Korbesa.

Guyo alichunga ngamia. Ngamia humkaribii, teke lake ni refu. Fimbo ile ilimpita Guyo kichwani.

Mimi nilichunga mbuzi. Mbuzi unamfuata ndani ya miiba, na fimbo ndefu itanasa. Ya kwangu ilinifika kiunoni. Nasema ile ya ukubwani, maana ya utotoni ilikuwa fupi zaidi.

Tukaangaliana. Guyo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, mpaka mkewe akaja kuuliza kuna nini, naye akaambiwa, naye akacheka. Mimi nilishindwa. Miaka tisa. Mwalimu yule hakuwahi kuchunga hata kuku, hakujua kwamba fimbo hazilingani. Na sisi tulioujua mpira na tuliozijua fimbo, hatukuuliza.

Guyo alipomaliza kucheka akasema mambo ni rahisi. Jumamosi tuwaambie tumekubaliana. Tuchukue fimbo ya katikati. Hakuna haja ya kueleza mengine. "Fainali ni yako, ndugu yangu. Chukua, nyamaza."

Nikasema sawa. Nilisema sawa na nilimaanisha.

Ijumaa, 25 Septemba

Nimepita kiwanjani saa sita, hakuna mtu. Nilikuwa na kopo la maziwa. Nimeliweka chini mahali ulipokuwa mpira mwaka jana, ile nusu fainali, kadi ya pili ya Dida. Napakumbuka vizuri kwa sababu nimeisimulia mara nyingi nikijitetea. Hatua moja na nusu mbele yake.

Nimesimama mahali pa Dida. Nimenyoosha mguu. Nimelifikia kopo. Mimi, na miguu yangu hii mifupi. Dida ananizidi kichwa kizima.

Halikuwa kosa. Wala la kubishaniwa. Kwa fimbo ya mbuzi lilikuwa kosa, kwa mguu wa mtu halikuwa. Niliangalia fimbo, sikuangalia mguu.

Sijamwambia mtu. Kesho ni mkutano. Kaptula imepigwa pasi, iko juu ya kiti.

Jumamosi, 26 Septemba

Mkutano, nyuma ya duka la Mzee Kithinji. Guyo alisema tumekubaliana, tutapuliza sawa. Alisema vizuri. Mwenyekiti alifurahi, akasema asiyekubali kushindwa si mshindani, sijui alimaanisha nani. Akaniangalia. "Basi fainali ni ya Baba Akiru, kama tulivyoahidi." Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nayo. Kama dakika mbili hivi, nilikuwa nayo.

Ndipo Hassan, kocha wa Bula, akainua mkono. Alikuwa mpole. Akasema, "Mimi nauliza tu. Kama sasa mmekubaliana, ile ya Dida mwaka jana, kwa hii makubaliano mpya, ilikuwa makosa ama haikuwa?"

Guyo akanikanyaga mguu chini ya meza.

Ningeweza kusema yaliyopita yamepita. Watu husema hivyo kila siku na hakuna anayekufa. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Nikasema haikuwa kosa. Halafu maneno mengine yote yakafuata, mbuzi, ngamia, Nanyuki, kopo. Nilisimama kueleza kama mtoto wa shule.

Kwanza walicheka, hata Mzee Kithinji, mpaka miwani ikateleza. Halafu wakaacha kucheka. Bula wakataka nusu fainali ya mwaka jana irudiwe. Machinjioni wakataka mabao yao yote ya miaka tisa yahesabiwe upya. Kiti kimoja kimevunjika. Mwisho mwenyekiti akagonga meza. Refa atatoka Meru. Sisi wawili tuweke firimbi mezani.

Guyo aliweka yake bila kuniangalia. Nje akanijia karibu sana. "Wewe ulisema sawa. Kwa nyumba yangu. Ulikunywa chai yangu ukasema sawa."

Ni kweli. Nilisema.

Jumatatu, 28 Septemba

Mji mzima unajua. Sokoni wananiita Fimbo. Muuza nyanya amenipimia nyanya, akauliza apime kwa ya mbuzi au ya ngamia. Karani wa posta naye. Nimemaliza kununua sukari kwa taabu.

Mama Akiru hajanicheka hata kidogo, na hilo linaniuma zaidi. Ameikunja kaptula akaiweka sandukuni. Amesema, "Ulitaka kuwa mkweli, umekuwa. Sasa kula." Nimekula.

Asubuhi nilikwenda kwa Dida kabla lori la kwanza halijafika. Nilikuwa nimepanga maneno. Nikamwambia mwaka jana nilikosea, haikuwa kadi, na kwamba nimesema hivyo mbele ya kamati. Nilitegemea nini? Labda anishike mkono. Labda anitukane, tumalize.

Alisikiliza. Alikuwa anazungusha kamba kwenye kiganja. Akasema, "Hassan aliniambia." Halafu akauliza, "Sasa huyu mzee anakuja kutoka Meru, yeye alichunga nini?"

Sikujua. Hakuna anayejua. Hatujabadilisha kitu, tumeongeza mtu wa tatu. Nimepoteza fainali, nimempoteza Guyo, na Dida ataingia kiwanjani Jumapili na kadi yangu mgongoni, bila kujua asimame wapi. Nimekasirika leo kuliko siku ya vijiti vya miraa, na sina wa kumkasirikia.

Jumapili, 4 Oktoba

Fainali. Bula 1, Machinjioni 0.

Nimeangalia nikiwa nyuma ya kamba, na watu wengine. Guyo alikuwa upande wa pili wa kiwanja. Ameniona, nimemuona.

Refa wa Meru ni kijana mnene, mtulivu, soksi zake nyeupe. Niliomba akosee. Naandika ukweli. Niliomba apulize ovyo ili watu wakumbuke kwamba sisi hatukuwa wabaya sana.

Kabla mpira haujaanza Dida alimwendea, mikono nyuma. Akamuuliza kitu. Nilikuwa mbali, sikusikia. Lakini nilimwona refa akifikiri, akaweka mguu wake wa kushoto chini, akapiga hatua moja, ya pili, akasimama, akamwonyesha Dida pale chini. Akawaita makapteni wote wawili akawaonyesha na wao. Haikuchukua dakika.

Dida alicheza dakika tisini. Mpira ukiwa ndani ya hatua mbili, anaukinga. Ukizidi, anakimbia kuufuata. Refa hakumpulizia hata mara moja. Mara nne nilijikuta nimeweka vidole viwili mdomoni tayari kupuliza, na mara zote nne nilikuwa nimekosea. Dida alikuwa mchezaji bora kiwanjani. Hata Machinjioni walimpigia makofi.

Hatua mbili. Labda siyo hata sahihi. Labda ni hatua moja na nusu, labda refa mwingine angesema moja. Lakini alimwonyesha.

Mimi pia niliulizwa, nyuma ya gari, na nilimsomea Kiingereza.

Jumanne, 6 Oktoba

Kazini. Ng'ombe mia moja na kumi na nne kutoka upande wa Merti. Wingu upande wa mlima, mvua bado.

Kocha wa Nairobi hakuja fainali. Nilimuuliza Mzee Kithinji jana, akasema hawakumwandikia mwaka huu, na kwamba wale watu wa Nairobi siku hizi wanataka wachezaji wasiozidi miaka ishirini na miwili. Nilimuuliza Dida miaka yake wakati tunangoja lori. Alihesabu kwa ukame na mvua, ikatoka ishirini na sita.

Lori likaja. Fahali mmoja akagoma kwenye ngazi, Dida akamsukuma kwa bega mpaka akapanda. Nilishika upande wangu wa mlango wa nyuma, naye wake, tukaufunga pamoja.